Kampuni ya bima imekataa sehemu kubwa ya madai yetu, na aliyetuuzia bima ni shemeji yangu

BARUA

Mshauri, salaam.

Ninakuandikia kutoka Ilemela, Mwanza, nikiomba jina langu na la mtaa wetu yasitajwe, kwa kuwa jambo lenyewe linaugusa ukoo wa mume wangu na baadhi yao huisoma safu hii.

Nyumba yetu iko mlimani, kama zilivyo nyumba nyingi za jiji hili la mawe. Nyuma yake kuna mwamba mkubwa, na kati ya mwamba na jiko tulijenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Tuliimalizia kwa mkopo wa benki, mimi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu akiuza vipuri vya injini za boti karibu na Mwaloni wa Kirumba. Benki ilitaka nyumba ikatiwe bima kwa sababu ndiyo dhamana ya mkopo, na hapo ndipo mdogo wa mume wangu, ambaye ni wakala wa bima, alipojitolea kutusaidia. Alikuja jioni na fomu, akaijaza yeye mwenyewe mezani huku sisi tukizungumza habari za msiba uliokuwa umetokea kijijini, mume wangu akatia saini, na tangu hapo ada ya bima imekuwa ikilipwa kila mwaka bila kukosa.

Masika iliyopita ilinyesha mvua kubwa usiku, ikiambatana na upepo uliotoka upande wa ziwani. Mtaro ulio juu ya nyumba ulifurika, maji yakajaa nyuma ya ukuta wa mawe mpaka ukaanguka, na udongo pamoja na mawe vikausukuma ukuta wa jiko ukalalia ndani. Katika chumba cha watoto ulitokea ufa unaoanzia kwenye lenta ya dirisha hadi sakafuni. Mabati ya upande wa ziwa nayo yaling'oka na dari ikalowa. Tunamshukuru Mungu kwamba watoto walikuwa kwa bibi yao Magu.

Asubuhi yake tulimpa shemeji taarifa, naye akaifikisha kwa kampuni. Akatumwa mkadiria hasara, mtu mpole na mwenye maneno machache. Alipiga picha, akachomeka sarafu ya shilingi 200 kwenye ule ufa ikazama yote, akamuuliza fundi wetu kama kwenye ukuta wa mawe aliacha matundu ya kutolea maji, kisha akaondoka. Baadaye ikaja barua. Kampuni iko tayari kulipa shilingi 2,900,000 kwa ajili ya mabati na dari tu. Kuhusu jiko, ukuta na chumba cha watoto, inasema kwamba kuporomoka kwa ardhi hakumo katika bima yetu, kwamba ukuta haukujengwa kwa viwango, na kwamba kwenye fomu ya maombi tulijibu "hapana" tulipoulizwa kama nyumba iko kwenye mteremko. Fundi amekadiria matengenezo yote kuwa shilingi 19,500,000. Pamoja na barua hiyo tumeletewa hati ya kukubali malipo hayo kuwa "kamili na ya mwisho", na tumepewa siku 30 za kuirudisha ikiwa na saini.

Mume wangu anataka tutie saini, tuchukue kilichopo, tukope kidogo kwenye SACCOS, tujenge kabla ya mvua za vuli. Shemeji ametusihi tusiandike barua yoyote TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa sababu leseni yake inaweza kuingia matatani na yeye ana watoto wawili sekondari. Baba mkwe alituita, akatuambia kwamba ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, yaani tusidhani kwamba wanagombana kweli. Ila mimi nikamwelewa kuwa ananionya nisije nikawa mwanamke aliyewagombanisha wanawe.

Upande mwingine, binamu yangu aliyeko Florida, Marekani, ananiambia kwa simu kwamba huko mwenye nyumba hutafuta wakili wa kesi za bima, naye hachukui hata senti mpaka ashinde. Nimetafuta mtu kama huyo hapa. Bwana mmoja niliyeelekezwa, ambaye huonekana sana maeneo ya mahakamani, amesema atachukua asilimia 30 ya kitakachopatikana na shilingi 800,000 za kufungulia faili, na hataki tuandikishane.

Benki inaendelea kukata mshahara wangu kama kawaida. Jiko tumelifunika kwa turubai na ninapika barazani. Je, nitie saini? Nitafute wakili? Na nikimtafuta, nitakuwa nimeivunja familia ya mume wangu?

Ni mimi,
Mwalimu wa Ilemela

MAJIBU

Mwalimu, pole sana kwa yaliyokupata, na pole zaidi kwa kuwa umewekwa katikati, upande mmoja nyumba yako na upande wa pili ndugu wa mumeo. Mimi si wakili, lakini baada ya kuipata barua yako nilizungumza na watu wanaozijua kazi za bima na za mahakama, na nitakayoyaandika hapa yametokana na mazungumzo hayo pamoja na kuisoma barua yako mara kadhaa.

Kama nimekuelewa, maswali yako matatu yamefungwa katika fungu moja, kana kwamba kutafuta msaada wa kisheria ni kumshtaki shemeji, na kutia saini ni kumlinda. Ningependa tulifungue fungu hilo polepole, kwa sababu sina hakika kwamba mambo hayo yamefungamana kama yanavyoonekana kutokea barazani unapopikia.

Tuanze na barua ya kampuni. Imetaja sababu tatu, na wewe umezipokea kama ukuta mmoja, ilhali kila moja ina uzito wake na udhaifu wake. Sababu ya kwanza ni kwamba ardhi iliporomoka. Katika bima za nyumba ni jambo la kawaida kukuta tufani na mafuriko vimo lakini kuporomoka kwa ardhi kumeondolewa kwenye kinga, na ugomvi huja pale yote yanapotokea usiku mmoja. Swali ambalo wanasheria wa bima huliuliza ni lipi lilikuwa chanzo chenye nguvu kilichoyasukuma mengine: je, ni mlima uliojiendea wenyewe, au ni maji ya mvua yaliyofurika kutoka kwenye mtaro, yakajaa nyuma ya ukuta na kuuangusha? Kwa kawaida mwenye bima hutakiwa kuonyesha kwamba hasara yake inaangukia ndani ya kinga aliyoinunua, na kampuni inayotegemea kifungu cha kuondoa jambo fulani kwenye kinga ndiyo hutakiwa kuthibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika. Maelezo uliyonipa mimi, ya mtaro kufurika na maji kujaa, je, yameandikwa popote kwenye fomu ya madai? Au fomu hiyo inasema tu kwamba ukuta ulianguka? Neno moja kwenye fomu ya madai huweza kuipeleka hasara upande huu au ule.

Sababu ya pili, ya viwango vya ujenzi, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa upande wenu, na nisingependa kuificha. Yule mkadiria hasara hakuuliza habari za matundu kwa kupitisha muda. Ukuta wa mawe unaozuia udongo mlimani huhitaji matundu ya kutolea maji, la sivyo maji hujikusanya nyuma yake na uzito wake huusukuma. Fundi wenu alijibu nini? Barua yako haisemi. Kama matundu hayakuwepo, kampuni ina hoja ya kweli, ingawa hata hapo inabaki kuulizwa kama hoja hiyo inauhusu ukuta peke yake au inalifikia pia jiko na chumba cha watoto, ambavyo havikuanguka kwa sababu ya ubovu wao. Kama matundu yalikuwepo, mawe yenye matundu hayo bado yamelala hapo nyuma ya nyumba, na yasiondolewe kabla hayajapigwa picha na kuonwa na mhandisi.

Sababu ya tatu ndiyo fomu, na najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Ni kweli kwamba bima hujengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu wa pande zote mbili, na anayeomba bima hutakiwa kueleza kila jambo zito ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni au kiasi cha ada. Ni kweli pia kwamba fomu nyingi zina tamko chini kabisa linalosema kuwa majibu yote ni ya kweli, na aliyetia saini chini ya tamko hilo hawezi kulikana kirahisi kwa kusema kwamba kalamu ilishikwa na mwingine. Hiyo ni hatari halisi. Hata hivyo kuna mambo ambayo wakili angetaka kuyauliza. Kampuni ikiona kwamba imedanganywa katika jambo zito, njia yake ya kawaida ni kuukataa mkataba mzima. Hii ya kwenu inasema fomu haikuwa ya kweli, na papo hapo inakubali kulipia mabati na dari kwa mkataba uleule. Inawezekanaje? Pengine ina jibu, lakini haijalitoa. Tena, wakala wa bima kwa kawaida huiwakilisha kampuni iliyompa kazi, tofauti na dalali wa bima ambaye humwakilisha mteja. Shemeji yako aliketi ndani ya nyumba hiyo, akauona mwamba kwa macho yake. Kama yeye ni wakala wa kampuni hiyohiyo, kuna hoja kwamba alichokijua yeye kampuni nayo ilikijua, ingawa hoja ya namna hii haina uhakika wa kushinda na hutegemea maneno ya mkataba.

Kuna karatasi moja ambayo hukuitaja kabisa. Benki haikopeshi kwa dhamana ya nyumba bila ripoti ya mthamini, na mthamini hueleza mahali nyumba ilipo, hali ya ardhi na thamani ya jengo. Kama ripoti hiyo inautaja mteremko, na kama iliwahi kuifikia kampuni ya bima wakati bima inakatwa, maana ya lile "hapana" inaweza kubadilika sana. Iombeni benki nakala yake, na wakati huohuo ombeni nakala ya hati yenyewe ya bima pamoja na viambatisho vyake, kwa maana nina shaka kwamba hati hiyo imelala kwenye jalada la mkopo na ninyi hamjawahi kuisoma. Benki si adui yenu hapa. Dhamana yake imebomoka, na inawezekana imeandikwa kwenye bima kuwa mnufaika wa kwanza, jambo ambalo litawahusu pia siku ya malipo, kwani fedha zinaweza kupita kwake kabla ya kuwafikia.

Katika hati hiyo tazameni pia kiasi ambacho nyumba imekatiwa bima. Kama kuijenga upya, bila kuhesabu kiwanja, kungegharimu shilingi 80,000,000 nanyi mmeikatia bima ya shilingi 40,000,000, kampuni yaweza kusema kwamba mlijibebea nusu ya hatari, ikalipa nusu tu ya hasara hata mkishinda katika kila hoja nyingine. Nalisema hili mapema ili zile 19,500,000 za fundi zisiwe ndizo mizani ya matumaini yenu. Makadirio ya fundi ni mwanzo mzuri, lakini mbele ya kampuni au ya mahakama hayana uzito wa ripoti ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wala wa gharama zilizochambuliwa na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa. Ripoti hizo zina bei yake, nawe una haki ya kujiuliza kama kiasi mnachokigombania kinastahili kuzigharamia. Vingine ni vya bei nafuu: takwimu za mvua ya usiku ule kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, barua ya ofisi ya serikali ya mtaa, maelezo na picha za majirani ambao nao waliharibikiwa.

(Majirani zako wa ufukweni, ambao maji ya ziwa yaliwafuata hadi milangoni mwaka 2020 na tena mwaka 2024, hukabiliwa na hoja tofauti kidogo, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ninyi wa mlimani hilo haliwahusu, lakini nimeliandika kwa faida yao.)

Sasa hati ya kukubali malipo. Mumeo hajakosea kuhofia vuli, na mtu anayeitazama familia yake ikipikia barazani hastahili kuitwa mwoga kwa sababu anataka fedha iliyo mkononi. Hesabu yake ina busara yake: fedha kidogo sasa, hakuna mvutano, jiko linasimama. Ninachotaka muone wote wawili ni kwamba maneno "kamili na ya mwisho" yakishatiwa saini, kwa kawaida hufunga mlango wa kudai zaidi, na kuufungua tena ni kazi ngumu mno. Kati ya kusaini na kukataa kuna njia ambayo watu wengi hawaijaribu, nayo ni kuiandikia kampuni kwamba mnakubali kupokea malipo ya mabati na dari kama sehemu isiyo na ubishi, bila kuathiri haki yenu ya kudai yaliyobaki. Kampuni yaweza kukataa. Ikikataa mtakuwa mmerudi palepale mlipokuwa, na hapo ndipo mtalazimika kuchagua kati ya uhakika mdogo na matumaini makubwa zaidi yenye gharama.

Kuhusu wakili, binamu yako hakukudanganya, ila anaizungumzia nchi yenye desturi zake. Hata huko Florida mambo yamebadilika: mwezi Desemba 2022 jimbo hilo liliuondoa, kwa bima za nyumba, utaratibu ulioilazimisha kampuni ya bima kumlipa wakili wa mteja aliyeshinda. Hapa kwetu mshindi aweza kupewa gharama za kesi, lakini hilo liko mikononi mwa mahakama, na nadra kiasi hicho kumrudishia mtu kila alichotoa mfukoni. Usilijenge jiko lako juu ya utaratibu wa Florida.

Yule bwana wa maeneo ya mahakamani naomba usimpe fedha mpaka ujue ni nani. Mjini tuna vishoka, watu wanaojiita mawakili na sio. Wakili wa kweli yumo katika orodha ya Mahakama, ambayo siku hizi hutazamwa kwa simu kupitia mfumo wa e-Wakili, na cheti chake cha kufanya kazi huhuishwa kila mwaka. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kina tawi lake Mwanza ambako unaweza kuuliza. Mtu anayeomba fedha na kukataa kuandikishana amekwisha kukueleza jambo muhimu kumhusu yeye mwenyewe.

Tena, kutafuta wakili si lazima kuwe kufungua kesi. Unaweza kumlipa wakili kwa kazi moja tu, ya kuisoma hati ya bima, fomu ya maombi, ripoti ya mkadiria hasara na barua ya kukataa, kisha akueleze uso kwa uso mna nini na hamna nini, na pengine akuandikie barua moja. Ada ya kazi hiyo ijadiliwe kabla na iandikwe. Kuna pia msaada wa kisheria usiolipiwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambao umekusudiwa hasa wasio na uwezo; sijui wataupimaje mshahara wako uliokwisha kukatwa na benki, lakini kuuliza hakuna hasara. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa huweza kukusaidia kupanga nyaraka na kuandika malalamiko, ingawa hawawezi kusimama mahakamani mahali pa wakili. Na Wiki ya Sheria, inayofanyika kila mwaka mwishoni mwa Januari, huwaleta mawakili na mahakimu mbele ya wananchi bila malipo, japo kwa haraka yenu Januari ni mbali.

Ngazi zenyewe ziko hivi. Kwanza ni kampuni, kwa barua ya malalamiko inayojibu hoja zake tatu moja baada ya nyingine, ikiomba nakala ya ripoti ya mkadiria hasara na kifungu hasa kinachotegemewa. Mkikosa jibu la kuridhisha, ipo TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapohapo Mwanza. Yenyewe ni msimamizi wa kampuni na mawakala, si mahakama, lakini barua yake huifanya kampuni ijibu. Kisha ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama ninyi. Waulizeni mapema kikomo cha kiasi wanachoweza kukishughulikia na muda wa kupeleka lalamiko. Mahakama huja mwisho, na hata huko mashauri ya madai hupitia kwanza usuluhishi, na Kiswahili kinatumika. Someni pia kama hati yenu ina kifungu kinachotaka mgogoro uende kwa msuluhishi binafsi kabla ya mahakama, kwa sababu msuluhishi wa aina hiyo hulipwa na wanaogombana, na kwa madai ya kiasi chenu ada yake inaweza kuuma.

Nimelibakiza la shemeji, ambalo naamini ndilo zito kuliko yote. Unaliona kama mizani: nikinyamaza anapona, nikisema anaumia. Lakini ni kampuni, wala si wewe, iliyokwisha kuiandika ile fomu kwenye barua yake. Jambo hilo limo kwenye jalada tayari. Ninyi mkinyamaza, karatasi itaendelea kusema peke yake, na inachosema si kizuri kwake. Sitakudanganya pia kwamba lalamiko lako litamwacha salama. Unaweza kuliandika dhidi ya kampuni na si dhidi yake, bila kumtupia lawama hata kwa neno moja, lakini TIRA ikitaka kujua nani aliijaza fomu hutaweza kuizuia isiulize, na hapo utatakiwa kusema kweli.

Kwa hiyo yeye ana mahali pawili kwa wakati mmoja. Ni shahidi wenu mkuu, kwa kuwa anajua aliuliza nini mezani pale na aliandika "hapana" kwa sababu gani. Na ni mtu mwenye maslahi yake. Kwa sababu hiyo ya pili, ningeona vyema asiendelee kuwa mpelekaji wa barua zenu. Barua zipelekwe na ninyi wenyewe, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwa sababu ile ya kwanza, azungumziwe kabla ya karatasi yoyote mpya kuandikwa, na wa kuzungumza naye kwanza ni kaka yake. Je, mumeo amewahi kumuuliza, bila hasira, kilichotokea kwenye swali lile? Huenda aliambiwa ofisini kwamba swali la mteremko linahusu nyumba zilizojengwa kwenye majabali tu. Huenda alifanya haraka kwa sababu ya msiba. Majibu hayo mawili hayafanani kabisa kwa kampuni, wala kwa moyo wako.

Na hapa, Mwalimu, nakurudisha kwa mumeo. Saini iliyo kwenye fomu ni yake, na yaelekea hati ya bima ina jina lake. Hata kama ungeamua leo usiku kwenda kwa wakili, huenda usingeweza kufika mbali bila yeye. Naisikia katika barua yako hofu ya kuitwa mwanamke aliyewagombanisha ndugu, nami siidharau. Lakini baba mkwe alipotoa ile methali alikuwa anawaambia ninyi wawili. Huenda alikuonya kama ulivyoelewa. Huenda pia alimaanisha kwamba watoto wake wanaweza kuvutana juu ya karatasi kisha wakaketi kula pamoja Krismasi. Mwenye kujua ni yeye, na yupo hai, anaulizika. Mzee anayejua kwamba barua mnayotaka kuandika ni ya kuhoji kampuni, na kwamba mwanawe mdogo ameelezwa kabla, aweza kuwa msaada kuliko unavyodhani, au aweza kushikilia lake. Hilo nalo ni sehemu ya gharama, na ni ninyi mtakaoipima dhidi ya jiko na chumba cha watoto.

Kinachowabana kwa sasa ni zile siku 30. Mkubaliane au msikubaliane juu ya mengine, jambo dogo mnaloweza kulifanya pamoja juma hili bila wakili na bila kumtaja shemeji ni barua ya ukurasa mmoja kwa kampuni: kwamba mmeipokea barua yake, kwamba hamjakubali wala kukataa kiasi kilichotajwa, kwamba mnaomba nakala ya fomu ya maombi, ya ripoti ya mkadiria hasara na ya hati ya bima ili mjibu mkiwa na taarifa kamili, na kwamba mnaomba muda uongezwe hadi mtakapozipata. Mnaweza kuongeza kwamba turubai na matengenezo ya dharura mnayoyafanya ni ya kuzuia hasara isizidi, na kwamba risiti zake, ziwe za mashine ya EFD, mnazitunza. Mumeo atie saini, wewe ushuhudie, na picha za mawe yale zipigwe kabla mafundi hawajaanza kuyasogeza.